Rangi Haitunzwi kwa Machozi

Katika picha za zamani za Unguja, zile zilizotoka katika studio ya A. C. Gomes tangu karne ya 19 na zile za Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, mna upungufu ambao mtazamaji huupita bila ya kuutambua. Mwanamke amekaa kitini, amejitanda kanga. Pindo laonekana, mji waonekana, pengine hata jina lasomeka. Kila mkunjo upo. Lakini kanga ile ilikuwa ya rangi gani? Ilikuwa nyekundu, au damu ya mzee, au samawati? Picha haisemi. Fedha iliyomo katika utando wa picha ilihifadhi umbo la nguo, ikaiacha rangi yake izikwe pamoja na mwenyewe.

Wapigapicha wale hawana lawama. Walikitumia kilichokuwapo, na walikitumia kwa ustadi ambao wengi wa leo hawaufikii. Lawama ni ya kizazi hiki. Kizazi hiki kina vyombo viwili vya kuhifadhia rangi, na badala ya kuvipima kwa haki kimegawanyika makundi mawili yanayopigiana kelele: moja lalilia filamu, jingine lashangilia mashine. Na wakati kelele zikiendelea, kuta zinaanguka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka, na watu wawili wakapoteza roho zao. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu tangu mwaka 2001. Lakini kuwamo katika orodha hakuizuii mvua wala hakuiondoi chumvi ukutani. Swali la chombo gani kitumike kuzipiga picha za rangi za miji hii si swali la mafundi peke yao. Ni swali la amana.

Hoja inayotetewa hapa ni moja, nayo itawaudhi wengi miongoni mwa wapenda sanaa: kwa kazi ya kuhifadhi rangi za mwambao huu, dijitali ni bora kuliko filamu, na mapenzi ya filamu, kama yanavyosemwa siku hizi, ni mapenzi ya kujipendezesha zaidi kuliko ya kutunza.

Kwanza kijulikane kinachozungumzwa. Kamera kubwa si ile ya kuning'inizwa shingoni. Ni sanduku lenye mvukuto unaokunjuka, lenzi mbele, kioo chenye ukungu nyuma, nalo husimama juu ya miguu mitatu. Mpigapicha hujifunika kitambaa cheusi, akaiona dunia imepinduka, vichwa chini na miguu juu. Fadhila yake kubwa ni kuwa lenzi na mgongo wake huweza kupandishwa, kushushwa na kuinamishwa, hata jumba refu katika uchochoro mwembamba likatoka limesimama wima, kuta zake zisielekeane juu kama watu wanaonong'onezana. Nyuma ya sanduku hilo hutiwa kipande cha filamu, aghalabu cha inchi 4 kwa 5 au cha inchi 8 kwa 10. Au hupachikwa kisanduku cha dijitali chenye kitambuzi cha mwanga. Sanduku laweza kuwa lile lile, na jicho la nyuma ya kitambaa lile lile. Ugomvi wote umo mgongoni.

Wanaoililia filamu huanza na roho. Filamu, wasema, ni mwanga wenyewe ulioacha alama. Dijitali ni hesabu tu. Maneno haya ni matamu, na utamu wake ndio uliowafanya wasiyachunguze. Filamu ya rangi ina matabaka matatu, moja la kuhisi buluu, moja kijani, moja nyekundu. Filamu ikisafishwa, fedha yote huondolewa, na kinachobaki ni rangi za kemikali za aina tatu, zilizochaguliwa na wakemia ndani ya kiwanda. Hapo hakuna mwanga ulioganda. Pana uamuzi wa watu. Velvia ya Fujifilm, iliyotoka mwaka 1990, ilipendwa kwa kuwa majani yake ni ya kijani kuliko majani, na machweo yake ni mekundu kuliko machweo. Portra ya Kodak ilikusudiwa sura za watu, ngozi zitoke laini. Mlango mmoja wa msaji ukipigwa kwa filamu mbili hizo, hutoka milango miwili. Upi ndio wenye roho?

Na uamuzi ule wa viwandani haukuwa na usawa siku zote. Kwa miaka mingi maabara za picha zilirekebisha rangi zao kwa kufuata kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, iliyopewa jina la "Shirley". Ngozi ile ikitoka sawa, ilihisabiwa kuwa dunia nzima imetoka sawa. Watu weusi waliopigwa pamoja na weupe walitoka vivuli vyenye macho na meno. Yaliyokisukuma kiwanda kuboresha rangi za hudhurungi yalikuwa, miongoni mwa mengine, malalamiko ya watengenezaji wa chakleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikupendeza katika matangazo. Mtu wa pwani anayesimama leo kuitetea filamu kwa jina la ukweli na ajue kuwa, katika ukweli huo, mbao ilipata mtetezi kabla ya ngozi yake.

Si kwamba dijitali haina hila. Katika kisanduku cha kawaida kila nukta ya kitambuzi huona rangi moja tu kati ya tatu, na zile mbili hukadiriwa kwa kuangalia majirani. Ndio mpango wa Bryce Bayer wa Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976. Ni makisio. Lakini makisio hayo huweza kupimwa. Kadi ya rangi ikiwekwa mbele ya mlango na kupigwa pamoja nao, ajaye baadaye ataona ni wapi chombo kilikosea na kwa kiasi gani, na atasahihisha. Tena kuna visanduku vinavyokisogeza kitambuzi nukta moja moja na kupiga mara kadhaa, mpaka kila mahali pakaonwa kwa rangi zote tatu bila ya kukisia. Njia hiyo haimfai mtoto anayekimbia. Yaufaa mlango, na mlango haukimbii. Yaufaa pia mswada wa utenzi uliofunguliwa juu ya meza, wenye wino mweusi na vituo vyekundu.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa filamu hulipitia kimya. Kipande chao kikishasafishwa hufanyiwa nini? Hutiwa katika mashine ya kuskani, kikawa hesabu. Ni hapo tu ndipo kinapochapwa kitabuni, au kutundikwa ukutani kwa ukubwa wa kitanda. Wengi wa wale wanaoapa kuwa dijitali haitaingia nyumbani kwao wamekwisha kuifungulia mlango wa uani. Wameikataa mbele ya wageni. Usiku wanakula nayo sahani moja.

Hoja ya pili ya filamu ni ukubwa, na hii yastahili heshima kwa kuwa ina hesabu ndani yake. Kipande cha inchi 4 kwa 5 kina eneo la picha la takriban milimita 95 kwa 120. Kitambuzi kikubwa cha Phase One, kilichotoka mwaka 2018 na nukta milioni 150, kina milimita 53 kwa 40. Filamu yakizidi kwa eneo zaidi ya mara tano, na kipande cha inchi 8 kwa 10 chazidi kwa zaidi ya mara ishirini. Hapana ubishi. Stephen Shore na Joel Meyerowitz walipozunguka Marekani na kamera za inchi 8 kwa 10 katika miaka ya 1970, walitoa picha ambazo mtu huingia ndani yake kama aingiaye chumbani, akahesabu vigae.

Lakini eneo silo lisomwalo; lisomwalo ni lililomo katika eneo. Kipande cha inchi 4 kwa 5 kikiskaniwa kwa nukta 2,000 kwa kila inchi hutoa nukta milioni 80. Kikiskaniwa kwa zaidi ya hapo, punde huanza kuonekana chembe za filamu yenyewe na ulegevu wa lenzi, ndio nakshi ikabaki ile ile. Na haya ni ikiwa filamu ililala sawasawa katika kishikio chake, isijikunje kwa joto. Ikiwa upepo wa kusi haukuutikisa mvukuto. Na ikiwa maji ya kusafishia yalishikwa katika nyuzi 38 bila ya kupanda wala kushuka. Ukubwa wa filamu ni ahadi. Edward Burtynsky wa Kanada, aliyejijengea jina kwa filamu kubwa, alihamia dijitali alipokuwa amefikia kilele cha umaarufu wake, khasa kwa picha alizozipiga kutoka angani. Hakuhamia kwa ujinga wa filamu. Huenda hakuna walioijua filamu kuliko yeye isipokuwa wachache.

Hoja ya tatu ni subira. Husemwa kuwa mwenye vipande vinane tu katika mkoba hutazama kabla ya kupiga, na mwenye kisanduku cha dijitali hupiga kabla ya kutazama. Ni kweli kwamba uchache huadibisha. Lakini adabu imo ndani ya mtu, haimo mkobani. Washairi wa zamani hawakufikia mizani zilizotimia na vina vilivyolingana kwa sababu karatasi ilikuwa ghali. Karatasi leo ni rahisi, na shairi baya bado ni baya, na shairi zuri bado lamchukua mwenyewe usiku kucha. Anayesema kuwa hawezi kutulia mpaka filamu imgharimu anasema habari za nafsi yake.

Yote haya, hata hivyo, ni ya pembeni. Hoja iliyo kitovu ni ya kudumu, na hapo ndipo filamu inapodhaniwa kuwa na ngome. Kipande cha filamu, huambiwa watu, hushikika, huinuliwa dirishani kikaonekana kwa macho, hakihitaji umeme. Diski hufa bila ya kuaga.

Na iulizwe basi: katika filamu ya rangi, kinachodumu ni nini? Vipande vya filamu vya siku hizi huwa na utando mwembamba juu ya plastiki imara, na plastiki hiyo hudumu. Lakini rangi si plastiki. Rangi zile tatu za kemikali hupauka, kila moja kwa mwendo wake, na joto na unyevu huziharakisha. Wataalamu wa hifadhi hushauri filamu za rangi ziwekwe katika baridi ya kugandisha na ukavu uliopimwa. Hali ya hewa ya visiwa hivi ijulikane kwa ukweli wake: joto la mwaka mzima, unyevu unaoshika chumvi mpaka ikatoka maji katika kisahani, ukungu unaokula ngozi za vitabu na pia jelatini ya filamu, na umeme unaokatika jokofu likiwa limejaa. Kuyaweka matumaini ya rangi za Mji Mkongwe katika filamu ni kuyaweka katika barafu mchana wa Januari.

Wasemao kwamba haya ni makisio na waitazame sinema. Filamu za rangi za Marekani tangu miaka ya 1950 hadi ya 1970 zilipauka maghalani, buluu na kijani zikaondoka, zikabaki sura za waridi katika anga la waridi. Mwaka 1980 Martin Scorsese aliongoza kampeni kubwa kuilalamikia hali hiyo. Na studio zenye busara zilifanya nini ili kujikinga? Ziliitenganisha rangi. Zilinakili kila filamu ya thamani katika filamu tatu za nyeusi na nyeupe, kila moja ikibeba sehemu yake ya rangi, kwa sababu fedha hudumu kuliko rangi za kemikali. Kwa maneno mengine, waliotaka rangi idumu waliigeuza isiwe rangi. Waliigeuza kuwa kipimo.

Hili halikuwa jipya. Sergei Prokudin-Gorskii, mkemia na mpigapicha wa Urusi, alizunguka katika himaya ya Nicholas II kati ya mwaka 1909 na 1915, akipiga makanisa, misikiti, mito na watu. Alitumia bamba refu la kioo la nyeusi na nyeupe, akapiga juu yake picha tatu mfululizo: moja kupitia chujio la buluu, moja la kijani, moja la nyekundu. Mapinduzi yakaja, akahama, akafariki Paris mwaka 1944. Mwaka 1948 Maktaba ya Congress ya Marekani ikanunua mabamba yake, takriban 1,900, kutoka kwa warithi. Yakaskaniwa mwaka 2000, vipimo vitatu vikapandanishwa, na joho la buluu la Amiri wa Bukhara, aliyepigwa mwaka 1911, likang'ara kama lililovaliwa asubuhi hiyo. Karibu miaka tisini ilikuwa imepita. Rangi ile haikupauka kwa sababu haikuwamo. Kilichokuwamo ni vipimo vyake vitatu, vikisubiri mwenye kuvisoma.

Hapo ndipo ukoo unapodhihirika. Faili la dijitali, lenye hesabu ya nyekundu, ya kijani na ya buluu kwa kila nukta, si mgeni aliyekuja kuinyang'anya picha urithi wake. Ni mjukuu wa bamba lile la kioo. Hata aibu wamerithiana: maji ya mito katika picha za Prokudin-Gorskii yana mistari ya rangi tatu, kwa kuwa mawimbi hayakungoja chujio libadilishwe, na visanduku vya dijitali vya mwanzo, vile vya kuskani vya miaka ya 1990 vilivyotambaa polepole nyuma ya kamera kwa dakika kadhaa, viliyapaka maji rangi zile zile. Filamu ya rangi, iliyonasa rangi zote kwa mpigo mmoja, ilikuwa na fadhila hapo, na kwa picha ya ngalawa juu ya maji yafaa ikiri hivyo kila mwadilifu. Ilinasa upesi. Haikushika daima.

Itajibiwa kuwa Kodachrome ilidumu. Ni kweli. Filamu hiyo, iliyotoka mwaka 1935, ikiwekwa gizani ilishika rangi zake kuliko nyingine karibu zote, na vipande vyake vya inchi 4 kwa 5 vilivyopigwa Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili vingali vinang'ara. Iko wapi leo? Kodak iliacha kuiuza mwaka 2009, na maabara ya mwisho duniani iliyoweza kuisafisha, katika mji mdogo wa Kansas, iliacha kuipokea tarehe 30 Desemba 2010. Aliyebaki na Kodachrome isiyosafishwa amebaki na kitendawili kisicho na mteguzi. Ektachrome nayo iliondolewa mwaka 2012, ikarudishwa mwaka 2018, kwa uamuzi wa watu wa mbali ambao hawakumuuliza mpigapicha yeyote wa Unguja wala wa Lamu. Filamu huonekana kuwa chombo huru kwa kuwa haina waya. Kumbe waya wake ni mrefu zaidi: waanzia kiwandani Marekani au Japani, wapita katika mashine mpya za ukaguzi za viwanja vya ndege, ambazo huichoma filamu isiyosafishwa, na waishia katika maabara iliyo nchi nyingine, itakayofungwa siku ambayo mwenyewe hataitangaza mapema.

Kinachobaki kwa filamu ni ule upekee wake: kipande kimoja, cha asili, kisicho na mfano. Na upekee huu ndio unaoabudiwa khasa. Hapa ndipo wapenda ushairi wangepaswa kuwa wa kwanza kushtuka, kwani ushairi wa Kiswahili haukuokolewa na upekee. Uliokolewa na wanukuzi.

Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalisemwa vitani na barazani, yakaishi vifuani mwa watu. Mwalimu Sikujua, aliyeyahifadhi kichwani, aliyaandika kwa hati za Kiarabu, W. E. Taylor akayakusanya na kuyabadili, W. Hichens akayatoa kitabuni mwaka 1940. Kutoka kinywani hadi sikioni, kutoka kumbukumbu hadi wino, kutoka hati moja hadi nyingine: kila hatua ilikuwa nakala, na kila nakala ilikuwa na makosa yake, na lau si nakala hizo jina la Muyaka lingebaki jina. Je, ni nani aliyesema kuwa shairi limepoteza roho kwa kunakiliwa? Mashairi yaliyopotea ni yale yaliyokuwa na nakala moja, ndani ya kasha moja, katika nyumba moja iliyovuja.

Filamu hunakiliwa pia, lakini kila nakala hupoteza kitu: nakshi hulegea, rangi huhama, na nakala ya nakala huwa kivuli. Faili hunakiliwa mara elfu na la elfu likawa sawa na la kwanza, nukta kwa nukta. Mwalimu Sikujua hakupata bahati hiyo. Kuikataa bahati hiyo kwa kisingizio cha roho, katika nchi ambayo fasihi yake nzima imefikishwa na wanukuzi, ni kutoijua nasaba.

Ama kuhusu hoja kwamba filamu huonekana kwa macho bila ya mashine, jibu limo katika makasha yale yale ya wazee. Humo mna karatasi za hati za Kiarabu, barua, tenzi, dawa, hesabu za mashamba. Wajukuu huzifungua, huziona kwa macho yao, na hawawezi kuzisoma. Karatasi haikuharibika. Aliyekatika ni msomaji. Kuonekana si kusomeka, na amana yoyote isiyo na mtu wa kuishughulikia hufa, iwe ya wino, ya fedha au ya hesabu.

Na kwa neno hili hili wahukumiwe wa upande wa pili, wale wanaoshangilia mashine. Wafanyabiashara wa visanduku hivi huhesabu nukta kama mlanguzi ahesabuye magunia, na kila baada ya miaka michache humwambia mnunuzi kuwa alichokinunua kwa bei ya gari kimekuwa takataka. Huuza mafaili yenye lugha ya siri ya kiwanda kimoja, ambayo kiwanda kikifa huenda nayo kaburini. Na mteja wao hupiga picha elfu za mji mzima, akazitia katika diski moja, diski akaitia katika mtoto wa meza, akasema amehifadhi. Hakuhifadhi kitu. Diski moja ni mbaya kuliko kipande kimoja cha filamu, kwa kuwa filamu hupauka kidogo kidogo ikimpa mtu nafasi ya kujuta, ilhali diski huondoka na vyote kwa usiku mmoja. Fadhila ya dijitali ni kunakilika, na asiyenakili ameinunua mashua akaiacha mchangani.

Kwa hiyo hukumu iliyotolewa hapa ina masharti, na bila ya masharti hayo inafutika. Kila mlango, kila dari iliyochorwa, kila mswada upigwe pamoja na kadi ya rangi. Faili liwekwe katika muundo ulio wazi, kama vile TIFF, usio siri ya kiwanda. Nakala zisiwe chini ya tatu, na moja kati yao iwe ng'ambo ya bahari, kwani bahari iliyokilinda kisiwa yaweza pia kukitenga. Kila mwaka pawe na mtu mwenye jina na mshahara wa kuzifungua, kuzikagua na kuzihamisha katika vyombo vipya. Huyu ndiye mnukuzi wa zama hizi, na pasipo yeye hakuna hifadhi. Na vile vichache visivyokuwa na mfano vitenganishwe rangi zake tatu na kuchapwa katika filamu ya nyeusi na nyeupe, kama zilivyofanya studio za sinema, ili fedha ishike pale umeme utakapokosekana. Filamu ina nafasi yake katika nyumba hii: ni ya mlinzi, si ya msimulizi.

Pamebaki hoja moja ya filamu ambayo haijavunjwa na haivunjiki: bei. Kisanduku cha dijitali cha kamera kubwa hugharimu kiasi ambacho msanii wa kawaida wa mwambao huu hatakishika maishani mwake, na kamera kuukuu ya mbao pamoja na vipande vichache hupatikana kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Kijana anayejifunza kwa filamu kwa kuwa ndiyo aliyoimudu hana wa kumcheka, na hakuandikiwa yeye maneno haya. Yeye anafanya kazi. Na ajue pia kuwa kamera ya kawaida ya dijitali, ikitelezeshwa hatua kwa hatua nyuma ya lenzi na picha zake zikaunganishwa, hufika mbali kuliko wanavyokubali wenye visanduku. Walioandikiwa maneno haya ni wenye uwezo: idara, makumbusho, wafadhili na wasanii mashuhuri wanaokuja na masanduku ya filamu kuzipiga kuta zinazomung'unyuka, wakasifu upole wa rangi zake, wakaondoka nazo. Filamu zile hulala katika majokofu ya miji ya mbali. Mji uliopigwa haupati hata nakala. Hapo mapenzi ya kipande cha pekee huonyesha uso wake wa pili, nao ni wa kumiliki.

Nakala humfikia mwenye mali. Mtoto wa Malindi au wa Mkunazini aweza kuifungua picha ya mlango wa babu yake katika skuli yake mwenyewe, akaona kuwa chini ya rangi ya sasa kuna kijani kilichotangulia, na chini ya kijani kuna mbao. Hilo halimpunguzii mpigapicha chochote isipokuwa kiburi.

Mwanamke wa studio bado amekaa kitini, na kanga yake bado haina rangi. Aliyempiga alifanya alichokiweza mwaka ule, akakiacha kionekane. Watakaofuata, miaka mia ijayo, hawatauliza kama picha za sasa zilipigwa kwa filamu au kwa hesabu. Watauliza rangi iko wapi, na nani aliambiwa aitunze.